Dakika 39 za Karai

Ukurasa huu umezoea kuwaletea wasomaji mapishi, malezi na siha ya nyumbani. Leo sisi twaleta hesabu, nayo ni hesabu ya kompyuta. Twawaomba akina mama msiufunge ukurasa kwa haraka, kwani hesabu yenyewe ilipigwa jikoni, juu ya sambusa za futari, katika mji wa Kitui. Na ilitufunulia jambo juu ya marehemu mama yetu ambalo laiti tungalilijua miaka ishirini iliyopita.

Sisi ni ndugu wawili, wanawake, wazaliwa wa Mombasa. Tunaishi nyumba moja na tunafanya biashara moja ya sambusa, mahamri na kaimati, tuliyorithi kwa mama. Baina yetu tuna binti anayesoma chuo kikuu huko Kitui. Nani kati yetu aliyemzaa si muhimu hapa, kwani mwenyewe hutuita sote mama, na karo tunailipa sote kutoka katika mkebe mmoja.

Ramadhani iliyopita, usiku mmoja baada ya tarawehe, binti huyo alitupigia simu. Alikuwa ameanguka mtihani wa somo la muundo wa kompyuta. Alitakiwa aurudie baada ya Idi, naye hakutaka. "Mama," alisema, "mimi si wa masomo haya. Nataka kurudi nyumbani niwasaidie jikoni." Nyuma ya sauti yake tulisikia sufuria zikioshwa. Wakati huo hatukuzitilia maanani. Tulimwambia asubiri, asiandike barua yoyote chuoni, na siku ya pili yake tukafunga vibanda vyetu viwili tukenda Miritini kupanda treni ya asubuhi, ile inayosimama stesheni za njiani.

Safari ile haikuwa ngeni kwetu. Baba yetu, Mola amrehemu, alikuwa karani wa reli ya zamani, na sehemu ya utoto wetu tuliipitisha Makindu, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Yeye ndiye aliyetufundisha majina ya stesheni kwa mpangilio wake kama watoto wengine wanavyofundishwa hirizi za ulimi: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Hiyo ya mwisho alipenda kuitamka kwa sauti, maana ilipewa jina la Sultani Hamud bin Muhammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ilipokuwa ikikata nyika hiyo. Mtu wa Pwani, alikuwa akisema, hajapotea Ukambani. Jina la sultani limemtangulia.

Tuliteremka Kibwezi, tukapanda matatu ya kwenda Kitui kwa barabara inayovuka mto Athi na kupita Ikutha na Mutomo. Jua lilikuwa kali, saumu zilikuwa mdomoni, na mibuyu ilisimama pande zote bila majani. Njiani wanawake waliuza pojo kwa kibaba, na sisi, kwa kuwa biashara haitoki damuni, tulinunua. Tulifika Kitui baada ya sala ya Alasiri.

Binti yetu hakutupokea stendi. Alituelekeza kwa simu hadi nyumba ya kupanga ambayo wanafunzi Waislamu huitumia kupikia futari, na tulipoingia uani tulielewa zile sufuria. Wasichana wanne walikuwa wamekaa mkekani wakifanya kazi kwa mazungumzo na vicheko. Wa tano alikuwa amesimama peke yake mbele ya karai, uso umejaa jasho, kijiko cha matundu mkononi. Alikuwa yeye.

"Shikamoo mama," alisema, bila kugeuka, kwa kuwa sambusa zilikuwa zinataka kugeuzwa.

Kila siku ya Ramadhani, tangu mwandamo, alikuwa akisimama hapo. Wenzake walimpa karai kwa heshima: yeye ni mtoto wa Mombasa, yeye ndiye ajuaye mafuta. Sambusa 200 kila jioni, kwa wanafunzi wapatao 50. Alikuwa akifungua saumu kwa tende moja akiwa wima, kisha anamaliza masinia yaliyobaki, kisha anaoga, kisha anaenda tarawehe, kisha anafungua daftari huku macho yakijifunga.

Usiku ule alitutolea karatasi ya mtihani. Swali lililomwangusha lilikuwa fupi. Prosesa, yaani kile kiini cha kompyuta kinachofanya kazi ya kufikiri, ina hatua tano. Hatua hizo huchukua nanosekunde 2, 1, 2, 3 na 2. Prosesa hiyo yatakiwa itekeleze maagizo 100. Itachukua muda gani ikitekeleza agizo moja baada ya jingine, na itachukua muda gani ikiyatekeleza kwa mkondo?

Tulimwomba atufasirie, naye akatufasiria kwa subira. Nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Agizo ni kazi ndogo kabisa, kama vile kujumlisha namba mbili. Kila agizo hupitia hatua tano: kwanza huletwa kutoka katika kumbukumbu, pili hufasiriwa, ijulikane linataka nini, tatu hutekelezwa, nne kumbukumbu hufunguliwa ili kuchukua au kuweka kitu, tano jibu huandikwa mahali pake. Zamani kompyuta ilingoja agizo moja limalize hatua zote tano ndipo ilete la pili. Hatua moja ikifanya kazi, nne zilikuwa zimekaa bure. Wataalamu wakaona huo ni upotevu. Agizo la kwanza linapofasiriwa, la pili liwe linaletwa. La kwanza linapotekelezwa, la pili lifasiriwe na la tatu liletwe. Utaratibu huu huitwa paipulaini, nasi hapa twauita mkondo. Kompyuta ya IBM iliyoitwa Stretch, iliyokabidhiwa maabara ya Los Alamos nchini Marekani mwaka 1961, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuutumia. Prosesa ya kwanza ya ukoo wa ARM, ambao leo umo katika simu nyingi tulizozishika mikononi, ilibuniwa Uingereza na ikatoka mwaka 1985 ikiwa na hatua tatu.

Sehemu ya kwanza ya swali binti yetu aliipata. Jumla ya hatua zote ni nanosekunde 10, na maagizo ni 100, basi jibu ni 1000. Katika sehemu ya pili alifikiri hivi: hatua ni tano na zote zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo kazi itakwisha kwa kasi mara tano. Akagawanya 1000 kwa 5 akaandika 200. Aliyesahihisha alikata jibu kwa wino mwekundu, akaandika 312 pembeni, na neno jingine hakuandika.

"Hizo 112 zimetoka wapi?" alituuliza, na machozi yalikuwa karibu. "Nimesoma mara kumi. Fomula naijua kwa moyo, lakini siioni."

Sisi hatukusoma kompyuta. Lakini mkubwa wetu alikuwa bado anafikiria ule ua, wale wasichana wanne waliokaa na mmoja aliyesimama, akamwambia: "Mwanangu, kwanza tuache habari za nanosekunde. Kesho tutapiga hesabu ya sambusa."

Kesho yake tulikuja na saa ya mkononi na kijiko cha bati. Tuliwapanga wasichana katika hatua nne. Wa kwanza abandue manda na kuzikata. Wa pili na wa tatu wafunge, watie nyama na kuzigandisha kwa uji wa unga. Wa nne, binti yetu, akaange. Wa tano achuje mafuta na kuzipanga. Kazi tuliigawa kwa masinia 10, kila sinia sambusa 20. Tulipima kila hatua kwa sinia moja: manda dakika 4, kufunga dakika 6, kukaanga dakika 9 kwa kuwa karai lilichukua sambusa 10 tu na ilibidi zikaangwe kwa awamu mbili, kuchuja na kupanga dakika 3.

Kwa kawaida mtu jikoni humpisha mwenzake anapomaliza. Prosesa haifanyi hivyo. Ina mdundo mmoja, na hatua zote husogea pamoja mdundo unapolia, haisogei moja kabla ya nyingine. Tukakubaliana kufanya vivyo hivyo. Hakuna sinia litakalosogea hadi sisi tupige kijiko juu ya sinia tupu. Je, tupige kila baada ya dakika ngapi?

Hapo wasichana walinyamaza, kisha wote wakalitazama karai. Tukipiga kila dakika 4, sambusa zitatoka mbichi. Tukipiga kila dakika 6, bado ni mbichi. Hatuna budi kungoja 9. Aliyekuwa na kazi ya dakika 3 atamaliza na kukaa dakika 6 mikono mitupu, wa manda atakaa dakika 5, lakini mlio hautalia hadi aliye karaini awe tayari.

Tulianza. Sinia la kwanza lilitoka katika mkondo baada ya milio minne, yaani dakika 36. Msichana mmoja alilalamika, na malalamiko yake yalikuwa ya haki: mtu mmoja akilishughulikia sinia hilo peke yake mwanzo hadi mwisho angemaliza kwa dakika 22. Ni kweli. Mkondo hauharakishi sinia lolote lile. Kila moja hukaa ndani yake muda mrefu zaidi. Faida yake iko kwingine. Baada ya lile la kwanza, kila mlio ulitoa sinia moja. Masinia 9 yaliyobaki yakachukua milio 9. Minne na tisa ni 13, na 13 mara dakika 9 ni 117. Mtu mmoja peke yake angechukua dakika 22 mara 10, ambazo ni 220.

Binti yetu alikuwa na kijiko cha matundu mkononi alipoliona. Alisema polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali: "Hatua, ongeza idadi ya masinia, toa moja. Kisha zidisha kwa hatua ndefu kuliko zote." Hiyo ndiyo fomula aliyokuwa nayo katika daftari tangu muhula uliopita.

Usiku aliirudia karatasi yake. Hatua 5, ongeza maagizo 100, toa moja: 104. Hatua ndefu ni ile ya nanosekunde 3. Basi 104 mara 3 ni 312. Wala hakuishia hapo. Alitaka kuzijua zile 112 zilizompotea, akazikuta. Yeye aligawanya kana kwamba kila hatua inachukua nanosekunde 2 sawasawa, ilhali mdundo wenyewe ni wa 3. Nanosekunde 1 ya ziada kwa kila agizo, mara maagizo 100, ni 100. Tena alisahau kwamba mkondo huanza mtupu, na midundo minne ya mwanzo haitoi kitu. Minne mara 3 ni 12. Mia moja na kumi na mbili, haikubaki hata moja. Alitwambia pia kwamba baina ya hatua na hatua kuna rejista inayoshika kazi kama sinia linavyoshika sambusa, nayo huchukua muda wake mdogo. Mtihani mwingine huutaja, na hapo huongezwa juu ya hatua ndefu kabla ya kuzidisha.

Sisi, tukimsikiliza, tulikumbuka jambo tulilowahi kulisikia Makindu tukiwa wadogo. Reli ya zamani ilikuwa njia moja, imegawanywa vipande kutoka stesheni hadi stesheni, na treni mbili haziruhusiwi kuwa katika kipande kimoja. Siku moja tulimuuliza baba kwa nini treni za mizigo hazifuatani upesi. Alichora mstari mchangani akaukata vipande. "Tuseme," alisema, "kipande hiki ni cha dakika 15, hiki 15, na hiki cha mlima ni 40. Treni zitafuatana kila dakika ngapi?" Tulijibu 15. Akacheka. "Arubaini," alisema. "Kipande kirefu ndicho bwana wa ratiba. Ukinyoosha vile vifupi, umewafurahisha mafundi tu." Mjukuu wake hakumwona uhai wake wote, na alipoisikia habari hiyo aliomba tumchoree ule mstari katika daftari lake, naye akaandika chini yake jina la Makindu.

Siku ya pili ya majaribio wasichana wenyewe walileta rai. Kuna mwenzao mmoja alikuwa tayari kusaidia. Tulimweka katika manda, kwa kuwa ndiko alikotaka kukaa, karibu na shoga yake. Kazi ya manda ikashuka kutoka dakika 4 hadi 2. Ua ulijaa, vicheko viliongezeka, na kazi ilionekana inakwenda mbio. Tulimaliza kwa dakika 117.

Hakuna aliyeamini. Msichana wa sita alikuwa amefanya kazi kweli, na hakukaa bure kwa uvivu, lakini msaada wake wote ulimezwa na kungoja. Binti yetu alikuwa bado amesimama mbele ya karai dakika zile zile, na adhana ya Magharibi ilimkuta papo hapo.

Sisi wawili hatukusema kitu. Tulitazamana, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini.

Mama yetu alikaanga sambusa Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Maagizo ya Ramadhani yalitoka madukani, maofisini na misikitini, na kila mwaka yaliongezeka. Alikuwa na maumivu ya magoti. Tuliliona hilo, na tulimpenda, na tulitaka kumsaidia. Kwa hiyo tulimwajiri msichana wa kubandua manda. Mwaka uliofuata tukamwajiri wa pili wa kufunga. Sisi wenyewe tulikaa mkekani tukifunga kwa mikono iliyokuwa na sifa mtaa mzima. Naye alisimama. Kila jioni adhana ilimkuta karaini, akatia tende shavuni na kuendelea kugeuza, na wateja waligonga mlango wakiulizia oda zao. Aibu yetu ni hii, nasi twaiandika: kuna siku tulimwambia, "Mama, watu wamejaa jikoni, mbona bado twachelewa?" Hakukasirika. Alisema, "Moto hausukumwi, wanangu."

Alikuwa anatuambia jibu la mtihani. Sisi tulidhani anatuambia habari za uzee.

Karai la pili lingetugharimu fedha kidogo kuliko mshahara wa msichana mmoja kwa mwezi. Usiku ule, katika chumba cha Kitui, tulianza kuzidisha dakika kwa siku na siku kwa miaka, kisha tukaacha.

Asubuhi ya tatu tulikwenda sokoni Kitui tukanunua karai na jiko la makaa. Hatukuongeza mtu. Yule msichana wa sita tulimtoa katika manda, ambako alikuwa anasaidia bila kusaidia, tukamsimamisha mbele ya karai la pili. Sasa sambusa 10 kwa 10 zilikaangwa kwa pamoja, na sinia likamalizika kwa dakika 4 na nusu. Kazi ndefu kuliko zote sasa ikawa kufunga, dakika 6, na kijiko kikapigwa kila dakika 6. Milio ilikuwa 13 kama kawaida. Kumi na tatu mara 6 ni 78.

Kutoka 117 hadi 78 ni dakika 39. Zilikuwa zimebaki jioni 12 za Ramadhani, na binti yetu alizidisha kabla mafuta hayajapoa: dakika 468, ambazo ni saa 7 na dakika 48. Jioni hiyo adhana ilipolia, wasichana wote sita walikuwa wamekaa mkekani na maji mbele yao. Aliketi baina yetu. Alikula tende tatu.

Kabla hatujaondoka alitueleza jambo moja zaidi, nasi twaliweka hapa kwa sababu wengi wenu mnauza chakula na litawafaa. Mtu anaweza kusema: kama kugawa kazi katika hatua nyingi ni vyema, basi tugawe zaidi na zaidi, hatua ziwe fupi fupi. Kampuni ya Intel ilijaribu. Prosesa yake ya Pentium 4 ilipotoka mwaka 2000 ilikuwa na hatua 20, na toleo la mwaka 2004 lilikuwa na hatua 31. Ila maagizo ya kompyuta hayaendi kwa mstari mnyoofu daima. Kuna njia panda: ikiwa namba ni kubwa fanya hivi, ikiwa ni ndogo fanya vile. Prosesa haiwezi kusubiri ijue jibu, kwa hiyo hubahatisha na kuendelea kupakia mkondo. Ikibahatisha vibaya, kila kilichomo ndani hutupwa na mkondo huanza tena mtupu. Mkondo ukiwa mrefu, kinachotupwa ni kingi. Tena midundo ya kasi ilileta joto kubwa. Mwaka 2006 Intel ilipotoa Core 2 ilirudi katika hatua 14.

Nani kati yetu hajayaona hayo? Oda ni ya nyama, masinia mawili yamekwisha fungwa na la tatu limo mafutani, simu inalia: bibi arusi asema iwe kuku. Jikoni lenye watu wachache hubadilika upesi. Jikoni lenye mkono kwa kila kipande kidogo cha kazi huwa na masinia matano ya kuweka kando. Kwa hiyo si kila kazi ni ya kukatwakatwa. Mwenye jikoni na apime pia jinsi oda zake zinavyopenda kubadilika.

Siku ya kuondoka wasichana walitufungia sambusa za zile pojo tulizozinunua njiani, kwa ajili ya futari ya garini. Walikuwa bado wanapika kwa mlio wa kijiko. Waliupenda, walisema, kwa kuwa hakuna tena wa kumwambia mwenzake "fanya haraka". Sisi tulishika njia ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, na treni ya jioni ilipopita sehemu za Makueni gizani tulitafuta kwa macho ile reli ya zamani lakini hatukuiona.

Binti yetu aliurudia mtihani baada ya Idi. Amefaulu, wala si kwa alama za kutangazia majirani, lakini amefaulu, na barua ya kuacha masomo haikuandikwa. Mwenyewe asema swali lilikuwa jingine kabisa, lenye hatua sita na njia panda ndani yake.

Nasi hapa Mombasa tuna karai la pili. Linakaa kando ya lile la mama, ambalo limepinda ukingo mmoja na hatutalibadilisha. Kwa wale watakaoanza matayarisho ya futari mapema, ushauri wetu ni mdogo. Msihesabu watu walioko jikoni. Kaeni na saa jioni moja, pimeni kila hatua, mjue ni ipi iliyo ndefu kuliko zote na ni nani amesimama hapo. Aghalabu ni mtu ambaye halalamiki. Mpelekeeni msaada yeye kwanza, kabla ya kumletea mtu wa kufunga.